Majongoo ya Bahari Juu ya Paa la Mtani

Kila mvua ya kwanza inapopiga ukuta wa uani kwangu, harufu ile huamka. Haina ukali wa zamani, na wageni hawaigundui, lakini pua yangu inaijua: chumvi, uozo, na kitu cha tatu ambacho sijakipatia jina. Nimezaliwa Dodoma na nimezeekea hapahapa, katika nyumba aliyoniachia marehemu baba. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa nyumba, kwa ukuta na kwa mvua. Kwa harufu, bado najitahidi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya ushirika yalikuwa yamefunga milango, watu wanapunguzwa kazini kila upande, na yeyote mwenye miguu alijiita mfanyabiashara. Mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye nilimlea tangu anatambaa, alipunguzwa kwenye ghala la serikali akaenda pwani na robota la mitumba. Mimi nilibaki na kazi yangu ya kuwafundisha watoto Kurani uani, asubuhi na alasiri.

Kijana huyo alikuwa amempenda binti mmoja wa Chemba. Baba wa binti alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa dini na wa maneno machache, na jibu lake kwa mshenga wetu lilikuwa hili: "Nitakuja mwenyewe. Nione kijana anakaa wapi na anakula kwa kazi gani." Basi tukawa tunamngoja. Mwaka ule sikumwomba Mola wangu jambo kubwa kuliko hilo, kwamba kijana aoe na atulie karibu nami. Kaka yangu hakuacha mwingine.

Siku moja, kabla watoto wa chuo hawajatoka, mkokoteni ukasimama mlangoni ukiwa na magunia kutoka stesheni. Nzi waliingia kwanza, kijana akafuata.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umebeba maiti?"

"Mali, shangazi. Huko pwani masika yamegoma kukatika, mzigo unalainika. Nikakumbuka jua la kwetu."

Alimimina gunia la kwanza juu ya jamvi. Sina lugha ya staha ya kueleza nilichokiona, lakini nitajaribu. Vilikuwa vitu vyeusi, vinene kama mkono wa mtu, vimekunjamana, vigumu nje na vinanesanesa ndani, vina vipele mgongoni, na kila ncha imejifunga kama kinywa kisicho na meno. Havikuwa na kichwa wala macho wala mkia. Wanawake waliokuja kuchungulia walisema kwa sauti vinafanana na nini, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikasema astaghfirullahi, nikawatoa watoto nje na misahafu yao.

"Ni majongoo ya bahari," alisema kijana. "Wakubwa wa Mashariki ya Mbali wanakula karamuni."

"Wewe umekula?"

"Mimi? Thubutu!"

Alinieleza kazi yake bila haya, kama mtu anayesimulia kilimo. Wazamiaji wanawaokota chini kabisa, juu ya mchanga. Wanawapasua, wanawatoa matumbo, wanawachemsha, wanawafukia mchangani ngozi ioze kidogo, kisha wanawakwangua na kuwachemsha tena. Mdudu mwenyewe akiwa hai hana ubaya na mtu. Anatambaa pole pole anakula mchanga, anautoa nyuma umesafishika. Akiogopa hana meno wala mbio, basi anautapika utumbo wake wote, anamwachia adui, na yeye anabaki mtupu ndani mpaka uote mwingine. Na anavuta pumzi kwa nyuma.

"Kwa nyuma wapi?" aliuliza jirani yangu.

"Huko huko, mama. Na wazamiaji wanasema kuna kisamaki chembamba kinaingia humo, kinalala, asubuhi kinatoka."

Jirani akapiga kofi. "Hata huko kuna wapangaji! Na mimi chumba changu cha uani hakijapata mtu tangu Ramadhani yenu."

Huyu jirani ilinipasa nimtaje mapema. Alikuwa Mgogo wa Mvumi, mjane, Mkristo wa kwenda kanisani kila alfajiri, aliyefua mashuka ya hospitali ya misheni miaka mingi kabla ya kuhamia mjini. Alikuwa mtani wangu. Babu zangu walikuja huku na misafara, wakiwa wapagazi, na babu zake ndio waliowatoza hongo, ushuru wa njia, kila walipotaka kupita na kunywa maji. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kunitukana mbele za watu, nami nilikuwa na haki ya kumjibu, na hakuna aliyeruhusiwa kununa.

"Nyie wapagazi," alisema akiyasukuma majongoo kwa ncha ya fimbo. "Mpaka leo mnabeba mizigo ya watu msiowajua."

"Na nyie mpaka leo mmekaa njiani mnangoja tupite muombe," nikamjibu.

Wengine waliniuliza kama ni halali. Marehemu baba alinifundisha fikihi kwa subira, na niliwajibu alivyonifundisha: vya baharini vimehalalishwa, na moyo kuchukia kitu hakukifanyi kiwe haramu. Jibu lilikuwa sahihi. Usiku ule sikula.

Palitokea kosa ambalo mtu wa pwani asingelifikiria na sisi tulipaswa kulijua. Majongoo yale yalikuwa yamefanya ukoko mweupe wa chumvi. Katika nchi yetu mnyama hupiga magoti kulamba udongo wenye chumvi. Tulipokwenda kuswali Ijumaa, mbuzi wa jirani walivunja uzio wa miiba ulioziba pengo la ukuta wakaingia uani, na tuliporudi tuliwakuta wametulia kama wageni waalikwa, kila mmoja na jongoo lake, wanalamba wamefumba macho. Hawakula. Walilamba tu, wakageuza, wakalamba upande wa pili, mpaka jamvi zima likalowa mate. Vitu vile vikanywa mate vikavimba. Kesho yake vilikuwa vinateleza, vinatoa ute kama kamasi, na kwenye mikunjo funza wanacheza. Nilivikamata kwa majani ya mgomba, kimoja kimoja, nikitazama mbinguni. Nikaosha ua kwa majivu na maji ambayo tulikuwa tumeyanunua kwa ndoo.

Mwenye mbuzi alikuja kuomba radhi kwa namna yake.

"Mbuzi wangu wamekuwa wachafu kwa sababu yenu. Hata maziwa yananuka. Haya, leteni huo uchafu juu ya paa langu. Ngazi nikiiondoa mbuzi hapandi."

Nyumba yake ilikuwa tembe, paa la udongo lililo karibu bapa, na juu yake alikuwa ameanika mlenda wa mwaka mzima, majani ya mboga yaliyochumwa porini mvua zilipokuwa zimekolea. Alisogeza mlenda upande mmoja, upande wa pili kijana akapanga majongoo. Jua la Dodoma likafanya kazi yake. Mzigo wa kwanza ukakauka ukawa mgumu kama mbao, ukaenda pwani, likabaki gunia moja. Ukaja wa pili.

Nilikuwa nikisaidia kuchambua, kwa sababu mikono ya kijana peke yake haikutosha na mposo ulikuwa unakaribia. Nilifunga kitambaa puani. Mzigo wa pili niliona wamekuwa wembamba. Nikaendelea kuchambua. Mzigo wa tatu ulipomwagwa, nilidhani ameleta kitu kingine. Walikuwa kama vidole vya watoto wangu wa chuo.

"Hawa ni nini?"

"Ni wale wale. Wakubwa wamepungua, shangazi. Pale karibu wameshaisha kabisa. Wazamiaji sasa wanashuka mbali, kina kirefu. Mmoja alipanda juu damu zinamtoka masikioni, ndugu zake wakambeba."

"Na hawa wadogo mnawaokotea nini?"

"Tukiwaacha, wataokotwa na wenzetu."

Katika gunia hilo vilikuwamo na vitu vingine vya kujaliza uzito. Mapezi ya papa, madogo kama viganja, wenyewe wametupwa majini wakiwa hai, kwa kuwa nyama haikuwa na bei. Viti vya pweza, wale wadudu wa umbo la nyota, vimekauka, vidole vimekatika. Na kopo la maziwa ya unga, ambalo nilipolifungua nilikuta limejaa vijifarasi. Kichwa cha farasi kabisa, shingo imeinama, mkia umejikunja, kila kimoja si kirefu kuliko kidole. Kijana alisema kwa viumbe hao dume ndiye hubeba mimba. Nikamtazama mmoja aliyekuwa na tumbo nene. Limepasuka kwa kukauka, na ndani yake mlikuwa na punje nyingi, ndogo kama chawa. Nilifunika kopo. Nikaenda kutapika nyuma ya choo.

Namshukuru Mungu kwa kutapika kule, kwa sababu ndipo nilipojua kinyaa changu kimehama. Mwanzoni niliwachukia wadudu kwa umbo lao, na umbo lao si mimi niliyelichagua. Sasa nililichukia lile kopo, na zile punje, na jinsi kijana wangu alivyokuwa akisimulia wavuvi wanaorusha baruti majini, samaki wanaelea matumbo yamepasuka, wengine hata hawaokotwi, huku akimenya chungwa. Aliniona ninavyomtazama.

"Mimi sirushi baruti, shangazi. Mimi nanunua tu."

Siku chache kabla ya mposo, manyunyu yasiyo ya msimu wake yalipita juu ya mtaa wetu. Hayakudumu. Lakini juu ya paa la jirani majongoo yalilainika, ute ukatiririka ukafuata mteremko mpaka kwenye mlenda, na jua liliporudi vikakauka pamoja. Jirani alionja mlenda wake jioni. Sauti yake ilifika sokoni.

Kijana alimlaki kwa upole. "Mama, nitakulipa."

"Hulipi! Nitachukua hongo yangu mwenyewe, siku ninayotaka, mahali ninapotaka."

Tulicheka. Tulipaswa kuogopa.

Mkwe mtarajiwa alifika Jumamosi, pamoja na ndugu yake mmoja na mshenga wetu. Nilikuwa nimefukiza udi tangu alfajiri mpaka macho yanawasha. Magunia ya mzigo wa mwisho yalikuwa yamefichwa chumbani kwangu, na gunia moja la mzigo wa kwanza lililobaki, limefunikwa kwa mkeka. Asubuhi kijana alikuwa ameniomba: "Shangazi, akiuliza sema samaki wakavu."

"Sitamtangulizia neno," nilimwambia. "Lakini akiniuliza, nitajibu."

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mzee alisifu pilau, akaulizia majina ya babu zetu, akaridhika. Kijana alisema anafanya biashara ya mazao ya bahari. Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu anayefikiria dagaa. Nikaanza kuhisi moyo unatulia. Nikamwona yule binti akilini, akifagia ua wangu.

Hapo tukasikia mlangoni salamu ya Kigogo: "Mbukwenyi! Hodi wapagazi!"

Mtani wangu aliingia na sufuria kichwani, kanga yake nzuri ya kanisani, uso mkavu. Akaishusha katikati ya mkeka, mbele ya mzee, akafunua. Alikuwa ameloweka jongoo moja tangu juzi. Lilikuwa limevimba likajaza sufuria, jeusi, linang'aa, linatetemeka, limezungukwa na mlenda unaovutika. Ndugu wa mkwe alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Mkwe wetu wa Chemba," alisema jirani, "hawa wanakuficha chakula cha bwana harusi. Wameniharibia mlenda wangu wa mwaka mzima. Nimekuja kudai hongo. Au wanilipe, au bwana harusi ale hapa hapa mbele yako, nione!"

Mshenga aliangua kicheko, nami nikacheka kwa sababu utani unanilazimisha, ingawa harufu ilinifika kooni na udi wangu wote ukawa kazi bure. Mzee hakucheka. Aliinama, akakitazama kitu kile muda mrefu, jinsi wanunuzi wanavyotazama mdomo wa ng'ombe mnadani.

"Kijana. Hiki ndicho unachouza?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kinazaa lini?"

"Sijui."

"Kinachukua muda gani kukua?"

"Sijui, mzee."

"Nionyeshe mali yako."

Hatukuwa na njia. Kijana aliburuta magunia. Mzee akatia mkono katika gunia lililobaki la mzigo wa kwanza, akatoa jongoo nene. Akatia mkono katika lile la mwisho, akatoa kile kidole. Akavilaza mkekani, kisha akanigeukia.

"Bibi, wewe ni mwalimu, na huyu umemlea. Wewe unakijua?"

Kijana alinitazama. Sitausahau mtazamo ule. Yote niliyoomba mwaka mzima yalikuwa yamekaa pale mkekani, na neno moja la uzushi lingeyaokoa.

"Ninajua kinakula mchanga," nikasema, "na kikiogopa kinatapika utumbo wake. Ninajua hicho kinene kilikuja kwanza na hicho chembamba kimekuja mwisho, na hakikupita muda mrefu kati yao. Zaidi ya hapo sijui. Na kinanitia kinyaa, nisikufiche."

Mzee alifuta mikono kwa leso.

"Mnadani," alisema, "nikimwona mtu amekuja kuuza madume, majike na ndama siku moja, bei siulizi. Namuuliza anahamia wapi. Kijana, unahamia wapi?"

Mtani wangu akaisogeza sufuria yake kando.

"Kusini," alisema kijana, kwa sauti ndogo. "Mpaka mpakani na kuvuka. Wanasema huko bado wapo wakubwa."

Hilo sikuwa nimelisikia. Mimi niliyepanga chumba gani atakaa na mkewe, sikuwa nimelisikia.

"Na huko wakiisha?"

Kijana akaanza kufunga mdomo wa gunia.

"Binti yangu hatabebwa nyuma ya mdudu," alisema mzee, bila ukali. Akanywa chai yake yote, akaswali alasiri pamoja nasi, akaondoka. Hakusema hapana wala ndiyo.

Jioni jirani alikuja kukaa nami kizingitini. Alikuwa amenywea.

"Mtani, nimekuharibia?"

"Umedai hongo yako," nikasema. "Kalale."

Kijana hakutulizwa kirahisi hivyo. "Ungeniokoa kwa neno moja, shangazi."

"Niliulizwa, mwanangu."

Aliondoka na magunia kwa treni ya kesho yake, hakuniaga vizuri. Nilikaa na hilo kama nilivyofundishwa kukaa na mambo, kwa sala na kwa kufagia. Katika kila dua nilimwombea yeye, na mara nyingine, nikishangaa mwenyewe, niliwaombea na wale wadudu, wabaki angalau wachache mahali ambapo hakuna mtu mwenye pumzi ya kuwafikia.

Alirudi mbuyu wa sokoni ukiwa umeanza kutoa majani mapya, amekonda. Mnunuzi alikuwa ameupekua mzigo wake, akakuta udongo wa tembe, vipande vya mlenda vimegandamana na ngozi, na wale wadogo akawamwaga pembeni kwa dharau. "Hawa hata kulisha kuku hawafai," alimwambia. Wakatupwa jalalani, gunia zima. Kijana alipolisimulia hilo, kwa mara ya kwanza niliona midomo yake ikikunjamana kwa kinyaa. Kitoto cha kiumbe kimetolewa chini ya bahari, kimepasuliwa, kimechemshwa mara mbili, kimesafiri hadi Dodoma na kurudi, ili kitupwe jalalani. "Nilikaa pale jalalani, shangazi," alisema. "Nikawaona. Nikashindwa kula siku nzima."

"Alhamdulillahi," nikamwambia.

Hakurudi mikono mitupu. Alileta magunia ya chumvi ya mawe kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani. Nilimuuliza nani amempa wazo. "Mbuzi wa mama jirani," alisema. Akaipeleka minadani, Chemba na kwingineko, wafugaji wakawa wanaingojea. Mzee alimwona hapo mnada hadi mnada, akiwa pale pale, chini ya turubai lile lile. Mvua za mwaka uliofuata zilipokatika, akatuma neno kwa mshenga: waje.

Harusi ilifanyika uani kwangu. Mtani wangu alifika wa mwisho, na sufuria ile ile kichwani. Watu wakaanza kupiga vigelegele kabla hajaitua.

"Msidhani nimesamehe," alisema. "Mlenda wangu ule niliuhifadhi. Nimeupika leo. Hongo yangu ni hii: maharusi waule, na shangazi mtu aule, au hawalali humu ndani."

Alifunua, na bahari ile niliyokuwa sijawahi kuiona ikajaa ua mzima. Bwana harusi alitia tonge mdomoni, macho yakamtoka, akalishikilia shavuni kama mtoto mwenye dawa. Watu wakamzomea. Bibi harusi alimtazama, akamega ugali, akachota, akala. Akachota tena. Hakukunja uso hata kidogo.

"Chumvi imekolea," alisema.

Kisha sufuria ikasukumwa mbele yangu. Mlenda ulikuwa wa kijivu, unavutika, na katika uzi wake niliona kipande kidogo cheusi cha ngozi yenye vipele. Niliwakumbuka wote, wanene na wembamba, na vile vijifarasi ambavyo sikuwahi kujua vilifika wapi. Nikasema bismillahi. Nikameza. Ladha ile ilikuwa mbaya kuliko nilivyoiogopa, na ilikaa mdomoni mwangu mpaka swala ya isha.

"Sema, mtani!" alipiga kelele jirani yangu. "Sema kama ni tamu!"

"Ni chafu," nikamwambia. "Alhamdulillahi." Nikamsogezea bibi harusi maji, naye akanipisha ninywe kwanza.